Mechi Moja, Washindi Wawili

Kila alasiri, baada ya sala, nyumbani kwa Bwanaheri katika mtaa wa Sofia mjini Voi kulinywewa chai kwa taratibu ambazo hata rais asingeweza kuzibadilisha. Mama alitandika mkeka barazani na kuleta sahani ya mahamri. Sumayya, kitinda mimba wa miaka minane, alikaa karibu na sahani kwa sababu alizozijua mwenyewe. Bibi Mwanaesha, mamake Bwanaheri, ndiye aliyemimina chai, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa birika. Alikuwa na namna yake ya kumimina. Alitia ncha ya kidole ndani ya kikombe, akamimina polepole, na chai ilipokigusa kidole, akaacha.

"Bibi, chai hii ina ladha ya kidole," alisema Khairat.

"Kidole hicho ndicho kilichomlea babako," Bibi akajibu. "Kunywa."

Khairat alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma Gredi ya Nane katika shule ya bweni kule Wundanyi, na alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo ya Agosti akiwa na sanduku la nguo chafu na sifa ya kuwa msemaji mkuu wa chama cha mdahalo. Siku hiyo alikunywa chai yake yote, akapangusa midomo, akasimama katikati ya mkeka na kukohoa kama mbunge.

"Mheshimiwa Baba, Mheshimiwa Mama, na wewe Sumayya," alianza. "Runinga kubwa tunayo. Intaneti tunayo. Kinachokosekana ni Kiwanja."

Kiwanja ilikuwa huduma mpya ya kutazama michezo kupitia intaneti, mechi zikionyeshwa papo hapo zinapochezwa. Ukilipa kila mwezi unapata ligi za Ulaya, riadha, voliboli, na hata ligi ya Kenya. Katika bweni la Khairat, wasichana ambao kwao kulikuwa na Kiwanja walirudi shuleni wakiwa na hadithi za muhula mzima. Wale wasiokuwa nayo walisikiliza na kutikisa vichwa. Khairat alikuwa amechoka kutikisa kichwa. Lakini hilo hakulisema.

"Simwombi Baba kwa ajili yangu," alisema, akiweka mkono kifuani. "Namwomba kwa ajili ya Bibi. Bibi ni shabiki wa Makupa Stars tangu enzi za marehemu Babu, alipokuwa akifanya kazi reli. Kila Jumamosi anategea redio sikio. Je, waheshimiwa, ni haki mwanamke mwenye mapenzi kama haya aondoke duniani bila kuiona timu yake ikicheza?"

"Nani kakwambia naondoka?" aliuliza Bibi.

"Ni mfano tu, Bibi."

"Toa mwingine."

Bwanaheri aliwaza. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na alizoea kupima kila kitu kabla ya kukikata. "Kila mwezi ni pesa nyingi," alisema. "Lakini nasikia wiki ya kwanza ni ya bure. Tutaijaribu. Mama yangu akifurahi, nitalipia. Asipofurahi, tunaifuta na sitaki kusikia jina lake tena."

"Mimi na redio yangu..." Bibi alianza kusema, lakini Khairat alikuwa tayari amemkumbatia babake, na Sumayya alikuwa akirukaruka, na maneno yaliyobaki hayakusikika. Bibi akageukia birika. "Jamani, ile leso yangu ya korosho iko wapi? Mwaka huu nyumba hii inameza vitu."

Sasa ni lazima zielezwe habari za Mama Festus. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mtaita kutoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Jina lake hasa ni Tryphena. Yeye na Bibi walikuwa marafiki wa miaka mingi, isipokuwa wakati wa mpira. Mama Festus alishabikia Ndovu, timu ya hapa hapa Voi. Kila timu hizo mbili zilipokutana, mwanamke ambaye timu yake ilishinda alimpelekea mwenzake chakula cha kumpa pole. Bibi alipeleka kaimati zenye shira. Mama Festus alipeleka kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, mihogo yenyewe ikiwa imetoka shambani kwao. Chakula kilikuwa kitamu sana, na mpokeaji alikila kwa uchungu mkubwa.

Jumamosi ya wiki ile ya bure, Makupa Stars waliwakaribisha Ndovu kule kwao Mombasa.

Baba alikuwa dukani. Mama alikuwa kwa dadake, mtaa wa Mwakingali. Khairat alimketisha Bibi kwenye kiti kikubwa mbele ya runinga, akamwekea mto mgongoni. Bibi alikuja na redio yake, na mechi ilipoanza, tatizo likajitokeza. Mtangazaji wa redio alisema ni kona. Kwenye runinga mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Picha ya intaneti ilichelewa, na redio ilikuwa ikitoa habari za mambo yatakayotokea.

"Bibi, redio itatuharibia," alisema Khairat. Akatoa betri, akazitia mfukoni.

Runingani watangazaji walizungumza Kiingereza, tena cha haraka. Bibi aliketi wima, mikono magotini, kama mtu aliye ofisini kwa watu.

"Nani ana mpira?" aliuliza.

"Sisi, Bibi."

Baada ya kitambo kidogo: "Sasa nani ana mpira?"

"Wao."

"Wamefika wapi?"

Hivyo Khairat akajikuta mtangazaji. Mwanzoni alitangaza ukweli. Ndovu walipofunga bao la kwanza, alisema wamefunga. Uso wa Bibi ulianguka.

"Kama ni hivi, afadhali redio," alisema Bibi. "Redioni angalau nami huwa pale uwanjani. Hapa nimekaa tu kama mgeni."

Khairat aliona Kiwanja ikiondoka mlangoni na viatu vyake mkononi. Baba angerudi jioni, angeuliza kama Bibi alifurahi, na Bibi hakuwa mtu wa kusema uongo. Basi Ndovu walipofunga tena na Bibi akauliza nani kafunga, Khairat alivuta pumzi.

"Sisi, Bibi."

"Lakini Da Khairat," alisema Sumayya, "wanaokumbatiana ni wale wa jezi ya—"

Akatiwa hamri kinywani. Lilikuwa kubwa, na Sumayya hakuwa mtu wa kutupa chakula.

Baada ya hapo uongo ulikwenda mteremko. Bibi alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, akipiga goti lake kwa furaha, na Khairat alizidi kunogewa na sauti yake mwenyewe. Ndovu walipofunga la tatu, aliligawia Makupa Stars. Mpira ulipokwenda nje, aliutia wavuni. Bao la mwisho alilitunga kutoka mwanzo hadi mwisho: mshambuliaji aligeuka hewani kama samaki, akaupiga kwa kisigino, kipa akabaki amesimama kama mlingoti. Makupa Stars nne, Ndovu moja. Kwa hakika ilikuwa mechi nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba haikuchezwa popote.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, honi za pikipiki zilianza kulia mtaani, na watu wakapiga vigelegele.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Bibi.

"Harusi, Bibi."

"Harusi gani hiyo nisiyoalikwa?"

"Ya watu wa mbali."

Bibi hakuwa na nafasi ya kuchunguza harusi. Alikuwa ameshaelekea jikoni, akipapasa ukuta kwa kiganja, akiuliza unga uko wapi. Hapo ndipo Khairat, msemaji mkuu wa chama cha mdahalo, alipokumbuka kaimati.

"Bibi, leo tusimkere Mama Festus," alisema.

"Kumkera ndiyo raha yenyewe. Niletee iliki."

Kaimati zilichovywa kwenye shira zikang'aa. Bibi alikataa kumtuma mtu. Ushindi wa nne kwa moja, alisema, hupelekwa na mwenyewe. Alishika bakuli kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukawa juu ya bega la Sumayya, wakatoka. Khairat alifuata nyuma akiwa na mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza lake mwenyewe.

Langoni wakakutana uso kwa uso na Mama Festus. Alikuwa akija. Mikononi alibeba sufuria iliyofunikwa kwa sahani, na kiunoni alikuwa amejifunga leso ya zambarau yenye maua ya korosho.

"Mwanaesha," alisema kwa sauti ya msibani, "nimekuletea kimanga. Pole sana."

"Pole za nini? Mwenye kupewa pole ni wewe. Haya, kaimati zako hizi."

"Zangu mimi? Watu wametandikwa tatu bila, halafu wanagawa kaimati?"

"Nne moja," alisema Bibi.

"Nne moja ya wapi, mama?"

"Ya Mombasa. Nimekaa mbele ya runinga nikaangalia mwanzo hadi mwisho. Lile bao la mwisho, Mama Festus, wallahi, kijana aligeuka hewani kama samaki."

Mama Festus alimtazama Khairat. Khairat alikuwa ameona jambo la muhimu sana kwenye kidole gumba cha mguu wake. Mama Festus alifungua kinywa kucheka. Kicheko kilikuwa tayari, kikubwa, cha kusikika hadi stesheni ya reli. Halafu akakifunga kinywa bila kucheka.

Akaweka sufuria chini.

"Mwanaesha," alisema taratibu. "Ulikuwa mbele ya ile runinga iliyo kubwa kama mlango?"

"Si nimekwambia?"

"Mimi hapa nimevaa nini?"

"Umevaa nguo. Ama umenijia uchi?"

"Kiunoni. Leso gani?"

Bibi alisita. "Leso... leso zako hizo za kanisani."

"Ni leso yako," alisema Mama Festus. "Ile ya korosho. Uliniazima siku ya mvua, kabla ya Pasaka. Nikasema kwa mzaha nitaivaa mbele yako mpaka uidai. Nimekaa nayo barazani kwako nikinywa chai yako. Nilidhani unaniacha kwa heshima. Kumbe hukuiona."

Shira ilidondoka kutoka ukingoni mwa bakuli hadi kwenye vumbi jekundu. Khairat alikikumbuka kile kidole ndani ya kikombe, kiganja ukutani, mkono begani mwa Sumayya. Alikuwa ameishi na mambo hayo yote tangu arudi likizo, akayafanyia utani.

"Ni moshi," alisema Bibi hatimaye, kwa sauti ndogo. "Tangu mwaka jana kuna kama moshi. Nilidhani ni jiko. Halafu jiko likazimwa, moshi ukabaki."

"Na hukusema?"

"Niseme wanipeleke kukatwa? Nasikia wanalitoa jicho, wanaliosha kwenye karai, wanalirudisha."

"Nani kakudanganya hivyo? Dada yangu Teresia kule Rukanga alifanyiwa. Sasa anaokota vijiwe kwenye pojo bila miwani. Hakuna karai." Mama Festus alimshika mkono. "Jumatatu tunakwenda wote. Nitakusomea mimi zile herufi za ukutani kama watakubali."

Bibi aligeuza kichwa upande aliposikia pumzi za Khairat.

"Kwa hivyo lile bao la samaki?"

"Halikuwepo, Bibi."

"Na harusi?"

"Haikuwepo."

"Basi hata harusi," alisema Bibi. Akageuka, akarudi ndani akipapasa ukuta, na safari hii hakumshika mtu bega. Hilo lilimuuma Khairat kuliko kelele za mtu yeyote.

Jioni, Baba aliporudi, Khairat alimweleza yote akiwa amesimama. Hakusema waheshimiwa. Baba alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Kuna makosa mawili hapa," alisema. "Moja ni lako na moja ni letu sote. Lako unalijua. Letu ni hili: tulimjadili mama yangu mbele yake kana kwamba ni kabati. Tulisema anataka hiki, atafurahia kile. Kuna aliyemuuliza?"

Hakuna aliyemuuliza.

"Nani hasa alikuwa anaitaka Kiwanja?"

"Mimi, Baba. Bibi hakuniomba kitu. Niliogopa nikiomba kwa jina langu utakataa."

"Huenda ningekataa. Lakini ningekuwa nimekukatalia wewe, na kesho ungeweza kuja tena. Ulipolivaa jina la Bibi, ilikubidi umfurahishe kwa nguvu. Na mtu hafurahishwi kwa nguvu ila kwa uongo." Akasimama. "Peleka betri kwenye redio yake. Halafu kaa naye."

Khairat alizirudisha betri. Bibi alikuwa kitandani na redio kifuani.

"Bibi, naomba radhi," alisema.

Bibi akasema, "Ungenichekesha tu kwa mzaha wako, ningecheka. Nimekuzoea. Lakini leo nilifurahi, Khairat. Nilifurahi hasa, nikamkumbuka babu yako. Sasa furaha ile yote inabidi niirudishe, na sijui niirudishe wapi."

Khairat alilia kidogo, naye Bibi, ambaye hakuweza kumwona, akaunyosha mkono mpaka ukampata kichwa.

Jumatatu walikwenda hospitali wote wanne: Bibi, Baba, Mama Festus, na Khairat aliyembebea Bibi mkoba na kumshika kiwiko kila penye ngazi. Daktari wa macho alimulika kwa tochi ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na jicho la kulia lingeanza. Bibi aliuliza habari za karai. Daktari akamhakikishia kwamba halipo. Siku ya upasuaji alikuwa ndani kwa muda mfupi kuliko muda aliotumia kumsomea dua daktari kabla ya kuingia.

Huku nyumbani, wiki ya bure ilikuwa imekwisha na Kiwanja imefutwa. Khairat alikwenda dukani kwa babake asubuhi moja, akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Baba, ninaitaka Kiwanja," alisema. "Ni mimi. Nataka kutazama voliboli na ligi ya Ulaya ili nikirudi shule niwe na la kusema. Sijui kama inafaa pesa yenyewe. Pengine haifai. Lakini naomba."

Baba aliendelea kupanga makufuli kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hilo ndilo ombi la kwanza ulilonipa lisilo na hotuba," alisema. "Nitalipia mwezi mmoja, uitumie mpaka shule ifunguliwe. Kuanzia leo utanipangia misumari kwa urefu wake, maana imechanganyika. Likizo ikiisha, wewe mwenyewe utaniambia kama ilistahili. Nitakuamini."

Misumari ya duka la Bwanaheri, kwa taarifa ya msomaji, ni mingi.

Makupa Stars walipocheza tena, bandeji ilikuwa imeondolewa. Bibi aliketi kwenye kiti kile kile, akafumbua jicho la kulia, akaitazama runinga kwa ukali. Khairat aliketi kando yake, kimya. Mshambuliaji wa Makupa alipiga mpira, ukapaa juu kabisa ya goli, ukapotelea kwa mashabiki.

"Huyo ni nani aliyepiga?" aliuliza Bibi.

Khairat alimtajia jina.

"Huyo?" Bibi alishangaa. "Redioni kila Jumamosi naambiwa mpira wake umepita pembeni kidogo tu, kama unywele. Kumbe huwa unakwenda barabarani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi yule mtangazaji anakushinda wewe."

Picha ikasimama, kile kiduara cha kusubiri intaneti kikaanza kuzunguka. Ilipofunguka, Makupa walikuwa wameshafungwa bao ambalo hakuna aliyeliona. Bibi akaomba redio yake. Alizima sauti ya Kiingereza, akasikiliza habari kutoka redioni, halafu akasubiri kuzitazama kwenye runinga zilipofika, akimkosoa mtangazaji kwa kila aliyotia chumvi. Alisema ndiyo njia bora kabisa ya kutazama mpira, na hajui kwa nini watu wa Kiwanja hawakuifikiria.

Likizo ilipokaribia kwisha, Baba aliuliza swali lake. Khairat alifikiri kweli kweli.

"Likizo, inastahili," alijibu. "Tukiwa shule, hakuna wa kuitazama. Bibi anatosheka na redio. Ungekuwa unalipia kioo cheusi."

"Umempima Bibi, au umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Basi imefutwa hadi Desemba," alisema Baba, na hakuna aliyenuna.

Chai ya alasiri iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya Khairat kurudi Wundanyi. Bibi alimimina bila kidole, kikombe kikajaa hadi pale pale panapotakiwa. Alimpa Khairat cha kwanza.

"Mjukuu wangu," alisema, "kitu unachokitaka, kiombe kwa jina lako, hata kama utanyimwa. Na mtu unayempenda, muulize hali yake kabla hujamsemea. Mimi pia nina langu. Nilificha macho yangu mwaka mzima kwa kuogopa karai lisilokuwepo. Ukiumwa, sema. Watu wa nyumbani kwako si watabiri."

"Sawa, Bibi."

Bibi akainua kichwa. Mbali, hata kabla mlango wa nje haujalia, alikuwa ameona kitu. Alijifunika jicho la kushoto kwa kiganja ili aone vizuri, akatabasamu polepole.

"Mama Festus huyo anakuja," alisema, akakaa wima kwenye mkeka. Kisha akapaza sauti, nayo ilisikika mtaa mzima wa Sofia. "Wewe Tryphena. Kabla hujakanyaga baraza langu, vua hiyo leso."